Shati Lisilo na Uzi

Fides, mjukuu wangu anayesoma chuo, alinivizia mbele ya wenzake. Walikuja kunitembelea wakati wa likizo, wasichana watatu na mvulana mmoja mwenye miwani, wakaniamkia vizuri, wakala ugali na maharage yangu bila kudeka, halafu Fides akaniuliza, "Babu, hivi ile kazi yako ya udobi uliipenda kweli?" Alisema kuna mwalimu wao chuoni amewaambia kwamba mtu anayefanya kazi asiyoipenda anajiibia maisha yake mwenyewe. Wote wakanitazama. Mimi nikajifanya nimesikia mbuzi kaingia kwenye mahindi, nikatoka.

Mbuzi hakuwepo. Nilitoka kwa sababu jibu ni refu, na mdomo wangu siku hizi huchoka kabla ya maneno kuisha. Nimeliandika. Lisomeni mkiwa mmeshiba.

Kwanza mjue kwamba sikuichagua kazi hiyo. Nilimaliza darasa la saba, nikalima na baba miaka kadhaa, nikaja hapa Songea mjini kutafuta kazi ya dukani. Kichwani mwangu nilijiona nimesimama nyuma ya kaunta na penseli sikioni. Duka nililopata Majengo lilikuwa la dobi. Lilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kupigia pasi, mabeseni manne, kamba za kuanikia uani, na mzee mmoja mfupi mwenye mabega mapana aitwaye Mzee Kosmas. Mama yangu kule kijijini akiulizwa mwanawe anafanya nini mjini, alikuwa akijibu, "Osmund yuko kwenye mambo ya nguo." Watu wakadhani nauza vitambaa. Hakuna aliyemsahihisha, nami sikuwahi kumsahihisha.

Nyinyi hamwezi kujua aibu ile. Mwanaume mzima, umeinama kwenye beseni, unasugua gauni la ndani la mke wa mtu, na wasichana wa rika lako wanapita barabarani wakienda sokoni. Nilijifunza kufua nikiwa nimeipa barabara mgongo. Hata leo mkinipa beseni nitalizungusha kwanza.

Mzee Kosmas alikuwa amefundishwa kufua akiwa kijana kule Hanga, na mtawa mmoja aliyekuwa akishughulikia vitambaa vya altare. Kusoma hakujua. Kila asubuhi alitia mkaa kwenye pasi, akaiyumbisha mlangoni mpaka makaa yakawaka, akachovya vidole kwenye bakuli la maji na kurushia tone kwenye bapa la pasi. Tone likikaa na kuchemka taratibu, pasi haijawa tayari. Likikimbia kama lina haraka ya kwenda mahali, tayari. Hapo akapangusa bapa kwa jani la mgomba, akavuta nguo ya kwanza, akasema, "Hii kazi siipendi." Kisha akaanza.

Alisema hivyo kila siku. Siku ya kwanza nilipomsikia nilifurahi, nikadhani nimepata mwenzangu. Siku ya pili nikamuuliza, "Sasa kama huipendi, Mzee, kwa nini usiache?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asiache magoti yake. "Mchagua jembe si mkulima," akasema. "Lete bakuli la wanga."

Wanga wetu ulitokana na muhogo. Unakwangua muhogo, unaukamua kwenye maji, unaacha utuame, unamwaga maji ya juu. Ule weupe wa chini ndio dawa. Ukizidisha, shati linakuwa ubao na mwenye shati anakwaruzwa shingo misa nzima. Ukipunguza, kola inalala kabla ya injili. Mzee alipima kwa kidole gumba na cha shahada, akivisugua pamoja karibu na sikio. Nilidhani ananitania. Baadaye nikagundua kwamba wanga uliokolea una sauti yake. Sitawafundisha, maana hamtatumia, ila mjue tu kwamba ipo.

Kulikuwa na miaka ambayo sabuni haikuonekana mjini, tukafulia majani ya mpapai. Halafu ikaja miaka ya ruksa, na kila kibanda kikawa na sabuni ya mche na ya unga, na sokoni mabelo ya mitumba yakafunguliwa mpaka njia ikazibika. Watu ambao walikuwa na shati moja la Jumapili wakawa na matano. Sisi tukashukuru Mungu. Hatukujua kwamba mitumba ile imekuja na mtego.

Mwalimu Gaspari, aliyekuwa akiongoza kwaya ya parokia, alileta shati lake jipya la mtumba, la rangi ya maziwa, lenye kung'aa. Mimi nilifundishwa kwenye pamba. Kwenye pamba, ukiona mkunjo mgumu unaongeza moto. Nikaongeza moto. Shati halikuungua, lingeungua ningeelewa. Liliyeyuka. Nilipoinua pasi, bega zima la Mwalimu Gaspari likanyanyuka nayo, linavutika kama ulimbo. Nilisimama pale nimeshika pasi hewani, nikawaza njia ya kurudi kijijini.

Mzee Kosmas alilichukua shati, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akauwasha kwa kaa. Uzi ukajikunja na kuwa kijiwe cheusi. Akachomoa uzi wa shuka la pamba, akauwasha. Huo uliwaka ukatoa harufu ya karatasi, ukawa majivu. "Umeona," akasema. "Dunia imeleta nguo ambazo si nguo. Kuanzia leo tunachoma uzi kwanza." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alivaa koti, akaenda mwenyewe kwa Mwalimu Gaspari kuomba radhi. Aliporudi akaniambia nikafue mashati ya mwalimu kwa mwezi mmoja bila kukosea hata kifungo. Nilifua.

Sheria kubwa ya duka letu ilihusu mifuko. Dobi hupekua mifuko kabla ya kuloweka, hiyo ni lazima, peni moja inaweza kuua beseni zima. Lakini utakachokikuta si chako kukijua. Kiwe rozari, cheti cha dawa, barua, unakifunga kwenye kipande cha karatasi kilichokunjwa pembe tatu, na nguo ikishapigwa pasi unakibana kwa pini ndani ya mfuko uleule. Huulizi. Husimulii. Kuna bwana mmoja mkewe alikuja kumchukulia nguo, na kwenye mfuko wa suruali kulikuwa na barua yenye manukato ambayo hata kipofu angejua haikutoka kwa mkewe. Mzee Kosmas akamwambia yule mama kwa upole, "Suruali haijakauka, mama. Mwambie aje mwenyewe." Suruali ilikuwa mezani, imekauka, imenyooka, mstari wake ungekata mkate. Mama akaitazama, akamtazama Mzee, akaondoka na mashati. Sijui alikwenda kusema nini nyumbani. Jioni Mzee alisema tu kwamba hii kazi haipendi.

Na kuna jambo la uzi. Kwa kuwa hakujua kuandika, kila mteja alikuwa na alama yake, mishono midogo ya uzi wa rangi ndani ya kola au pindo. Miekundu miwili ni fulani. Bluu mmoja na mweupe mmoja ni fulani. Alama zote zilikuwa kichwani mwake. Mara nyingi alinianzia, "Sikiliza, Osmund, huyu wa kijani..." nami nikaitikia "ndiyo Mzee" huku nikiwaza mengine. Nguo za dukani kwetu, zetu sisi wenyewe, hazikushonwa uzi. Alisema dobi hajisahau.

Mengine niliyokuwa nikiwaza yalikuwa Tunduru. Ni miaka ile ambayo vijana wote wa mji huu waliota mawe. Mtu uliyekuwa ukimjua hana viatu alirudi na redio begani na meno ya kucheka. Walisema kule Nakapanya na mbele yake unachekecha mchanga mtoni, unaona kitu kinameta, na umaskini umeisha. Nilikuwa na umri wa kuamini. Nikadunduliza, nikakata tiketi ya basi ya Jumatatu ya Pasaka, tiketi yenye picha ya basi juu na jina langu kwa kalamu chini. Sikumwambia Mzee. Nilipanga kumwambia Jumapili usiku, au nimwachie mtu ujumbe. Ndiyo, mwoga. Babu yenu alikuwa mwoga.

Halafu tiketi ikapotea. Nilipekua chumba, godoro, viatu. Nikamshuku kijana niliyekuwa nikipanga naye mpaka tukanuniana. Nilikwenda kwa wakala wa basi, akaniambia bila tiketi hakuna kiti, na magari yamejaa. Wiki nzima nilifua nikiwa nimevimba mashavu. Nilisahau kabisa kwamba siku chache nyuma mvua ilininyeshea njiani, nikabadilisha suruali dukani, ile iliyolowa nikaitupa kwenye beseni. Ilifuliwa na nani, sikujiuliza. Dobi gani asiyepekua mfuko wake mwenyewe? Mimi.

Jumatatu ya Juma Kuu niliingia dukani nikamkuta Mzee amefika mapema kuliko siku zote. Alikuwa akinyoosha shuka. Nikamwamkia, akaitikia. Nikatoka uani kuangalia kama mvua imetuachia kamba kavu. Nikiwa huko nikasikia harufu ya kuungua.

Lazima mwelewe. Kwenye duka lile, harufu ya kuungua ilikuwa yangu. Mzee Kosmas hakuwahi kuunguza nguo. Nilirudi mbio, nikakuta pasi imesimama juu ya shuka, moshi unapanda, na yeye ameketi chini ameegemea mguu wa meza. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Aliitazama pasi, akanitazama mimi. Niliinua pasi kwanza, Mungu anisamehe, ndipo nikamwinua yeye. Nafikiri ndivyo alivyotaka.

Hospitali walisema ni kiharusi. Hakuweza kusema neno. Mkewe, Mama Adelina, alikaa kando ya kitanda akimpangusa kidevu kwa khanga, naye Mzee akigeuza uso ukutani kwa aibu.

Kesho yake wateja wakaanza kuja. Habari ilikuwa imekimbia kuliko gari, na ilivyofika sokoni ilikuwa hivi: Kosmas amekufa na nguo za watu zimepotea. Dukani kulikuwa na vipande zaidi ya arobaini, karibu vyote vya Pasaka. Vingine vilikuwa vimeshanyooka na kupangwa kwenye sanduku la bati, vingi vilikuwa bado. Mashati ya kwaya peke yake yalikuwa kumi na mawili, meupe, yaliyokatwa na fundi mmoja kutoka jora moja. Mzee alikuwa na desturi ya kuyapeleka kila moja kwa mwenyewe, nyumbani, kwa baiskeli, Jumamosi Kuu. Na aliyejua lipi ni la nani alikuwa amelala hospitali bila ulimi.

Mwalimu Gaspari alisimama mlangoni na wanakwaya wanne nyuma yake. "Osmund," akasema, "tusisumbuane. Mwaga zote hapo mezani kila mtu achague yake."

Lilikuwa wazo la busara. Ningemwaga, wangechagua, wanyang'anyi wangepata zilizo bora na wapole wangebaki na zilizochakaa, na mimi ningekwenda kutafuta tiketi yangu. Nilitazama rundo. Nikaona mikono ikiingia humo, kola zikivutwa, wanga ukivunjika.

"Mzee hajawahi kummwagia mtu nguo," nikasema.

"Mzee hayupo."

"Nipe mpaka Jumamosi, Mwalimu. Zitafika nyumbani kama kawaida."

"Unajua zipi ni za nani wewe?"

"Najua," nikasema. Nilikuwa nadanganya mbele ya kiongozi wa kwaya, tena Juma Kuu.

Waliondoka wakinung'unika. Nikafunga mlango, nikaketi na rundo lile, nikafungua kola ya kwanza. Kijani mitatu. Kichwani mwangu kulikuwa kweupe, hakuna jina. Bluu na mweusi, kweupe vilevile. Nikajutia kila "ndiyo Mzee" niliyowahi kuitoa.

Nilikata tamaa. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatia mkaa kwenye pasi, angalau zinyooke. Nikalaza shati la kwanza. Na hapo, wajukuu zangu, mikono yangu ikaanza kuniambia.

Shati lile lilikuwa limelika kiwiko cha kushoto tu. Nani huegemea kiwiko cha kushoto siku nzima? Karani wa posta, anayeandika kwa mkono wa kulia huku ameegemea dirisha. Nilikuwa nimekinyoosha kiwiko kile mara ngapi? Lililofuata lilikuwa na vifungo viwili vya tumboni vilivyoshonwa upya kwa uzi tofauti. Mtu aliyenenepa mwaka huu na mkewe hana uzi mweupe, ni mwuza nyama wa kona ya soko. Kola iliyopauka upande mmoja ilikuwa ya mpiga kinanda, anayelaza kichwa kusikiliza. Gauni jeupe lenye madoa hafifu ya dawa ya kahawia karibu na mfuko, mshono wa kiunoni umefunguliwa mara mbili, lilikuwa la Nesi Scola, ambaye alilinunua akiwa mwembamba na sasa alikuwa mjamzito. Nilijua ni mjamzito kabla hajawaambia wenzake. Kanzu yenye harufu ya korosho hata baada ya maji matatu ilikuwa ya Bwana Saidi, mfanyabiashara wa hapa mjini aliyetoa korosho Tunduru, naye aliihitaji siku mbili mapema kwa ajili ya Ijumaa.

Nilipowatambua hao, nyuzi nazo zikaanza kusema. Kama kijani mitatu ni karani, basi hii suruali ya kijani mitatu ni yake pia. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimewapa watu wa mji huu mgongo miaka yote ile, na kumbe nilikuwa nimewajua wote. Nilijua nani ana huzuni, kwa sababu ya leso. Nilijua nani ameacha pombe. Nilijua mjane gani bado analeta shati la mumewe lifuliwe na wengine, ingawa hakuna wa kulivaa. Sikuwahi kuambiwa hayo na mtu.

Mvua haikukata wiki ile. Nilianika ndani, nikazungushia majiko, nikanyoosha mpaka bega likawa zito. Alhamisi nikampelekea Bwana Saidi kanzu yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga. "Mashaallah," akasema. "Kosmas amepona?" Nikamwambia bado. Akanitazama tena, akaitazama kanzu. "Basi Mungu amlipe aliyekufundisha," akasema. Niliendesha baiskeli mpaka Majengo sioni njia vizuri, nikasingizia mvua.

Jumamosi nikagawa zote. Mwalimu Gaspari alifungua kola ya shati lake mbele yangu, akakagua, akavaa papo hapo juu ya fulana. Alinipa ndizi.

Nilirudi dukani kufunga sanduku la bati. Chini kabisa lilikuwa limebaki shati moja. Jeupe, la mikono mirefu, pamba safi ya mtumba ambayo haikuvaliwa sana, limekunjwa kwa mkunjo wa Mzee, ule ambao hata mimi sijawahi kuupata sawasawa. Nikafungua kola kuangalia uzi. Hapakuwa na uzi. Nikatazama pindo. Hapakuwa na uzi.

Shati lisilo na uzi ni la mmoja wetu dukani. Lakini mabega yake yalikuwa membamba, na Mzee Kosmas alikuwa mpana kama kabati. Nililipima kifuani mwangu bila kulikunjua. Kitu kikanichoma kidogo. Ilikuwa pini, ndani ya mfuko. Nikaichomoa, nikatoa karatasi iliyokunjwa pembe tatu, nikaifungua. Ndani yake kulikuwa na tiketi yangu, imekauka, imenyooshwa, picha ya basi juu na jina langu kwa wino uliochujuka.

Nilikwenda hospitali na shati mkononi. Mama Adelina alipoliona alitoka nami barazani.

"Tiketi aliikuta kwenye suruali yako," akasema. "Akaileta nyumbani nimsomee. Nikamwambia ni ya Tunduru, Jumatatu ya Pasaka. Alitembea nayo siku tano, mwanangu, kwenye mfuko wa koti. Chakula hali. Nikamwambia, kama inakuuma hivyo, itie kwenye makaa ya pasi, nani atajua?"

"Akasemaje?"

"Akasema mfuko wa mtu hauchomwi." Akajifuta pua. "Ndipo akaenda sokoni, akazunguka mabelo asubuhi nzima, akarudi na hilo. Akasema ukienda kwa watu usiende kama umefukuzwa. Jumatatu aliondoka mapema alinyooshe kabla hujafika. Usilione."

Kwa hiyo ndilo lililokuwa mezani kabla ya shuka. Ndilo shati la mwisho alilolinyoosha kwa mkono wake wa kulia, na alilinyoosha ili mimi nimwache nikiwa nadhifu.

Niliingia kwake. Nikaliweka shati juu ya blanketi, na tiketi juu yake. Nikasema, "Mzee, nguo zote zimefika. Za kwaya zote." Alifumba macho, akafumbua. Kisha kwa mkono wa kushoto akalisukuma shati kuelekea kwangu, akaonyesha dirisha, upande wa barabara. Nenda.

"Nitakwenda ukipona," nikasema.

Akalisukuma tena. Nikalirudisha. Tukasukumana hivyo mpaka Mama Adelina akatuambia tutalikunja shati la watu.

Jumatatu nilikwenda stendi nikampa tiketi kijana mwingine aliyekuwa akimbembeleza kondakta. Nilijiambia ni wiki mbili tu. Mzee hakupona mkono, lakini alirudi dukani, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, akiniongoza kwa kidole cha kushoto. Kola ile, rudia. Wanga huo, mwepesi. Alikuwa mkali kuliko alipokuwa na ulimi. Wiki mbili zikawa mwezi. Na asubuhi moja, nilipotia mkaa, nikayumbisha pasi, nikarusha tone la maji na tone likakimbia, nikasikia nyuma yangu sauti nzito, ya mtu anayevuta neno kutoka kisimani.

"Si-i-pendi."

Lilikuwa neno lake la kwanza. Mama Adelina alikimbia kutoka uani, mteja aliyekuwepo akacheka, Mzee mwenyewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka machozi. Mimi nililia waziwazi, sikusingizia moshi. Na ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile hakuwa akilalamika. Wengine hufanya ishara ya msalaba kabla ya kazi. Yeye alisema hivyo.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Maneno mengine yalirudi machache, hilo halikukosekana asubuhi hata moja. Alipofariki nilimpigia pasi suti yake mwenyewe, sikumwachia mtu. Duka likawa langu, na mkaa ukaja kuwa umeme.

Sasa, Fides. Umeniuliza kama niliipenda. Kuna siku niliichukia mpaka mgongo. Kuna siku nyingi sikuhisi chochote, nilifua tu kwa sababu nguo zilikuwa chafu na mama yako alihitaji ada. Nikikuambia niliipenda siku zote mwalimu wako atafurahi, lakini nitakuwa nimekudanganya. Sijui kama watu wanazipenda kazi zao. Najua kwamba nilinyoosha kiwiko cha karani mpaka nikamjua karani, na kwamba mtu mmoja alitembea na tiketi yangu siku tano akashindwa kuichoma. Kama huko ndiko kupenda, basi andika kwamba babu alipenda, ila alichelewa kujua.

Shati lile liko chini ya sanduku langu, kwenye mfuko wa nailoni. Sijawahi kulivaa. Likivaliwa litahitaji kufuliwa, na likifuliwa litahitaji kunyooshwa, na aliyelinyoosha hayupo. Siku yangu ikifika mtanivika hilo. Litakuwa limepata manjano kidogo kwenye mikunjo, msijali, na mtu asije akatafuta uzi kwenye kola. Ila nawaomba jambo moja, wewe hasa, maana nakujua kwa usafi wako. Msilipige pasi. Limeshapigwa.